Mkono Ukutani ni wa Nani?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, utazame kwanza mkono wako unaolishika gazeti hili. Kama wewe ni mkulima, sugu za mpini wa jembe zimo kiganjani. Kama ni mfua chuma, makovu ya cheche yamo. Kama ni karani, kidole chako kina alama ya kalamu. Mkono huo ni chombo cha kwanza alichokuwa nacho binadamu, na tena ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa alizozichora.

Wako watu wanaodhani kwamba sanaa ni jambo la wakwasi, la kutazamwa na wenye nafasi baada ya kula na kushiba, na kwamba mtu wa kazi hana lake humo. Dhana hiyo si kweli, na tunaweza kuipima kwa kuifuata alama moja tu, yaani huo mkono, tangu mapangoni hadi viwandani. Tutaikuta kwa mataifa yasiyopata kuonana, na katika nyakati zilizoachana kwa maelfu ya miaka. Lakini tutaona pia kwamba, ingawa alama ni ile ile, maana yake haikai mahali pamoja. Hubadilika kufuatana na aliyeagiza, aliyelipa na aliyefanya kazi. Kwa hiyo kila tuuonapo mkono katika sanaa yatupasa kuuliza maswali mawili: mkono huu ni wa nani? Na je, mkono ulioufanya ulikuwa wa nani?

MIKONO YA MAPANGONI

Katika kisiwa cha Sulawesi, nchini Indonesia, mna pango liitwalo Leang Timpuseng. Juu ya mwamba wake umo mkono wa mtu. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba wamelipima ganda la chokaa lililoota juu ya mkono huo, nao wakaona kuwa umri wake si chini ya miaka 39,900. Upande mwingine kabisa wa dunia, kusini mwa Argentina katika bonde la mto Pinturas, liko pango ambalo wenyeji huliita Cueva de las Manos, maana yake Pango la Mikono. Humo mna mamia ya mikono, myekundu, myeupe, myeusi na ya manjano, imebanana ukutani kama umati wa watu wanaopunga. Iliyo ya kale zaidi imepita miaka 9,000. Na nchini Ufaransa, katika pango la Gargas chini ya milima ya Pyrenees, mna mikono mingi ambayo vidole vyake vinaonekana kukatika. Wataalamu wangali wakibishana kama vidole hivyo viliharibiwa na baridi na maradhi, au vilikunjwa kwa makusudi kama ishara.

Watu wa Sulawesi hawakufundishwa na watu wa Argentina, wala wa Gargas hawakupeleka mafundi wao ng'ambo ya bahari. Kilichowafananisha ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na mkono, na jiwe, na udongo mwekundu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu alikibandika kiganja chake juu ya mwamba, akapuliza rangi kukizunguka, kwa kinywa au kwa mfupa wenye tundu. Alipouondoa mkono, ilibaki nafasi tupu yenye umbo lake.

Sasa liangalie jambo moja dogo lenye mafunzo makubwa. Katika lile pango la Argentina mikono iliyo mingi ni ya kushoto. Sababu iliyo karibu na akili ni kwamba mkono wa kulia ulikuwa umeshika kile chombo cha kupulizia rangi. Mkono wa kushoto ulipumzika juu ya mwamba, nao umeonekana kwa maelfu ya miaka. Wa kulia ndio uliofanya kazi, nao haumo pichani. Ndugu msomaji, liweke jambo hilo moyoni, maana tutalikuta tena na tena katika safari yetu.

JUA LA MFALME NA POSHO LA MAFUNDI

Tufike Misri ya kale. Yapata miaka 1,350 kabla ya Kristo alitawala mfalme aitwaye Akhenaten, ambaye aliiweka kando miungu mingi ya wazee wake akaamuru jua peke yake liabudiwe. Katika michoro ya enzi yake jua ni duara, na kila mwale ushukao kutoka kwake unaishia katika mkono mdogo. Ni picha nzuri mno. Lakini itazame kwa makini uone mikono hiyo yampelekea nani alama ya uzima. Inaifikisha puani pa mfalme na malkia wake. Jua huwaangazia watu wote, hata mwenye kulima na mwenye kuchunga, ila katika picha hizo uzima unakabidhiwa jumba la mfalme peke yake. Alama ya ukarimu imegeuzwa kuwa hati ya utawala.

Baadaye, karibu na mwaka 1180 kabla ya Kristo, akaja mfalme Ramesses wa Tatu. Katika hekalu lake la Medinet Habu, ambalo lingali limesimama, zimechongwa ukutani habari za vita vyake. Humo mna mafungu ya mikono iliyokatwa ya maadui, na makarani wameinama wanaihesabu, kama vile mnyapara ahesabuvyo magunia. Hapo mkono si mtu tena. Umekuwa tarakimu katika hesabu ya ushindi.

Lakini kuta za mahekalu hazikusema yote. Magharibi ya mto Nile, mahali paitwapo sasa Deir el-Medina, palikuwa na kijiji cha mafundi waliochimba na kuchora makaburi ya wafalme. Yapata mwaka 1157 kabla ya Kristo, katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses yule yule, posho lao la nafaka lilichelewa. Mafundi hawa wakaweka vyombo chini, wakatoka kijijini, wakaenda kukaa kitako nyuma ya mahekalu, wakasema kwamba wana njaa na hawarudi kazini. Wakubwa wakaja na maneno matamu, mafundi hawakuondoka. Hatimaye nafaka ikatolewa, na ilipochelewa tena wakatoka tena. Habari hizi ziliandikwa siku zile zile juu ya karatasi ya mafunjo ambayo leo imehifadhiwa katika mji wa Turin, nchini Italia. Huo ndio mgomo wa kale kabisa ambao habari zake zimetufikia kwa maandishi.

Basi, siku mikono ile ilipoacha kuchora, ndipo mfalme na makarani wake walipotambua kwamba ipo.

Tena mafundi wa kijiji hicho hawakuwachorea wafalme tu. Baada ya kazi ya mfalme walijichimbia na kujichorea makaburi yao wenyewe. Kaburi la fundi mmoja, jina lake Sennedjem, lilifunguliwa mwaka 1886, na rangi zake zilikuwa kama zimepakwa jana. Ukutani yumo Sennedjem mwenyewe ameshika plau, na mkewe Iyneferti nyuma yake anatupa mbegu. Wamechorwa katika mashamba ya ahera, ambako nafaka hainyauki wala posho halichelewi. Katika kaburi la fundi, mkono uliofanya kazi umeingia pichani kwa mara moja.

MKONO WA KINGA

Si kila mkono katika sanaa ni wa kutawala. Watu wengi wa Afrika ya Kaskazini, tangu Morocco hadi Tunisia, huweka mkono wa vidole vitano juu ya milango, au huuvaa shingoni kwa fedha, ili kuzuia jicho baya. Waislamu wengi huuita mkono wa Fatuma. Wayahudi wa nchi hizo hizo nao wamekuwa nao tangu zamani, wakiuhesabu kuwa wao. Na huko Granada, nchini Hispania, liko lango la jumba la Alhambra lililojengwa mwaka 1348 katika enzi ya Waislamu. Juu ya upinde wake wa nje umechongwa mkono uliosimama wima.

Hapa mkono mmoja umewakusanya watu ambao katika mambo mengine waliweza kugombana. Mama aliyeupachika mlangoni hakuwa akitafuta utukufu. Alitaka mtoto wake alale salama. Watu waendao mbali wakarudi na kusema kwamba binadamu wote ni wamoja hawakosei, ikiwa wanasema juu ya haja hizo za kila siku. Wanakosea tu wadhanipo kwamba kwa kuwa alama ni moja, basi maana nayo ni moja. Tuendelee mbele, nasi tutaona jinsi mkono ule ule unavyoweza kuwa kinga mlangoni mwa mtu mmoja na kuwa msiba mlangoni mwa mwingine.

SANAMU YA ANTWERP NA PICHA YA KONGO

Mji wa Antwerp, nchini Ubelgiji, una mikono katika ngao yake. Hadithi ya wenyeji yasema kwamba hapo kale palikuwa na jitu likaalo kando ya mto Scheldt, likitoza ushuru kila chombo kipitacho. Na baharia asiyelipa lilimkata mkono. Akatokea askari jina lake Brabo, akaliua jitu, akalikata mkono wake na kuutupa mtoni. Mwaka 1887 mchonga sanamu Jef Lambeaux alimaliza sanamu ya Brabo, nayo ikasimamishwa katika uwanja mkubwa mbele ya jumba la mji. Iko mpaka leo: kijana wa shaba ameinua mkono uliokatwa, tayari kuutupa. Kwa watu wa Antwerp hiyo ni alama ya kuondolewa kwa dhuluma.

Miaka miwili kabla ya sanamu hiyo, yaani mwaka 1885, mfalme wa Ubelgiji, Leopold wa Pili, alijitwalia Kongo kuwa milki yake mwenyewe. Watu walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira. Kijiji kisichotimiza kiasi kilichotakiwa kililetewa askari. Na askari hao, kwa kila risasi waliyoitumia, walitakiwa na wakubwa wao kuonyesha mkono wa kulia wa mtu waliyemuua, ili ijulikane kwamba risasi haikupotea. Risasi ilipopotea kwa kuwinda wanyama, mikono ilikatwa kwa watu walio hai. Mpira na pembe zilisafirishwa kwa meli hadi bandarini Antwerp. Huko gatini karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, aliona kwamba vyombo vilivyokuja na mali nyingi vilirudi Kongo na bunduki na risasi, wala si bidhaa za kuwalipa watu. Akatambua kwamba mpira ule haukununuliwa, bali ulitolewa kwa nguvu.

Jitu lililokata mikono ya wasiolipa ushuru lilikuwa limefufuka, safari hii likiwa na taji. Na uwanjani Antwerp sanamu ya Brabo iliendelea kuinua mkono wa shaba juu ya watu waliokwenda sokoni.

Mwezi Mei mwaka 1904, mtu mmoja wa kijiji cha Wala, jina lake Nsala, alifika kwenye misheni ya Baringa akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye umri wa miaka mitano. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha ameketi barazani, anavitazama vilivyobaki vya mwanawe. Katika picha hiyo hakuna panga wala damu. Mna baba aliyenyamaza. Picha hiyo na nyingine za namna yake zilionyeshwa kwa taa katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani, na mwaka 1905 mwandishi Mark Twain alitoa kijitabu dhidi ya Leopold kikiwa na picha za namna hiyo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Ukoloni haukwisha siku hiyo. Lakini uongo kwamba mfalme yule alikwenda Kongo kwa ajili ya rehema ulikuwa umekwisha.

Makarani wa Ramesses waliihesabu mikono ili kumsifu mfalme. Picha ya Nsala iliuonyesha mkono ili kumshtaki mfalme. Tofauti haiko katika mkono, bali katika anayeuonyesha na kwa faida ya nani.

MKONO WAINGIA KIWANDANI

Katika karne iliyopita wafanya kazi wenyewe walianza kuushika usukani wa alama hii. Mwaka 1928, katika uchaguzi wa Ujerumani, msanii John Heartfield alitengeneza tangazo la chama cha wakomunisti, ambacho namba yake katika karatasi za kura ilikuwa tano. Hakuchora nembo wala simba. Alipiga picha mkono wa mfanya kazi, wenye masizi ya kiwandani, vidole vitano vimenyoshwa kana kwamba vinataka kulikamata jambo. Mtu yeyote aliyetoka zamu aliutambua mkono huo, maana alikuwa nao mwenyewe.

Huko Marekani, tarehe 7 Machi 1932, wafanya kazi wasio na kazi walikwenda kwa maandamano hadi kiwanda cha magari cha Ford huko River Rouge, karibu na mji wa Detroit. Polisi na walinzi wa kiwanda waliwapiga risasi. Wanne walikufa siku hiyo na wa tano baadaye. Mwezi uliofuata alifika Detroit mchoraji kutoka Mexico, Diego Rivera, aliyeitwa kuzichora kuta za jumba la sanaa la mji huo. Mlipaji alikuwa Edsel Ford, mwana wa mwenye kiwanda. Rivera alikaa kiwandani siku nyingi akitazama watu na mitambo, kisha akachora sehemu 27. Chini mna wafanya kazi, weupe kwa weusi, wamejipinda pamoja kuinua na kusukuma. Juu yao mna mikono mikubwa mno ichomozayo ardhini, imeyashika madini. Kazi ilipofunguliwa mwaka 1933 palikuwa na waliotaka kuta zipakwe chokaa; hazikupakwa, nazo zipo hadi leo.

Jijini New York hali ilikuwa nyingine. Huko Rivera alikuwa akichora ukuta katika jengo la Rockefeller, akamtia Lenin akiunganisha mikono ya wafanya kazi wa rangi mbalimbali. Aliambiwa aiondoe sura hiyo, akakataa. Kazi ikasimamishwa mwaka 1933, na mwezi Februari 1934 ukuta ukavunjwa. Mwaka huo huo Rivera aliichora tena huko Mexico. Aliyelipia ukuta alidai kwamba ukuta ni wake, na ni kweli alikuwa ameulipia. Lakini alichoshindwa kukinunua ni mkono wa mchoraji, kwa sababu aliondoka nao.

Na tarehe 16 Oktoba 1968, katika mashindano ya Olimpiki mjini Mexico, wakimbiaji wawili Wamarekani weusi, Tommie Smith na John Carlos, walisimama juu ya jukwaa la washindi, kila mmoja akainua ngumi iliyovikwa glavu nyeusi. Walikuwa na jozi moja tu, wakagawana: Smith wa kulia, Carlos wa kushoto. Mwaustralia Peter Norman, aliyeshika nafasi ya pili, alivaa beji ya kuwaunga mkono. Smith na Carlos walifukuzwa mashindanoni. Mwaka 2005 chuo chao huko San Jose, California, kiliwasimamishia sanamu. Mahali pa Norman pameachwa wazi, ili mtu yeyote apande asimame nao.

MIKONO YA MPINGO

Sasa turudi kwetu, maana alama hii ipo mlangoni mwetu pia. Katika miaka ya ukoloni Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Miongoni mwa waliokuja mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mchongaji Roberto Yakobo Sangwani. Kwake yeye ndiko wanakoanzia wengi wakisimulia habari za sanamu tunayoiita leo Ujamaa: gogo moja la mpingo, na ndani yake watu wengi wamepandana, mmoja amembeba mwenzake, mkono wa huyu umemshika yule, hata usiweze kumtoa mmoja bila kuwavunja wote. Fundi haungi kipande kwa kipande. Watu wote wamo tayari katika gogo. Kazi yake ni kuondoa kisichokuwa watu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walinena wazee, na sanamu hiyo yasema vivyo hivyo bila kinywa. Imekwenda Ulaya na Marekani, imewekwa katika majumba ya makumbusho na sebule za matajiri. Lakini ukisoma kibandiko kilicho chini yake, mara nyingi utakuta neno moja tu: Makonde. Heartfield ametajwa kwa jina, Rivera ametajwa, Lambeaux ametajwa. Fundi wa mpingo ametajwa kwa kabila lake, kana kwamba kabila lina mikono. Na mahali ambapo jina halipo, bei nayo humkimbia mwenye kazi: hulipwa kidogo yeye aliyekaa siku nyingi na patasi, naye aliyepitisha mzigo bandarini akapata kilicho kikubwa. Ule mkono wa kulia wa Argentina ungali nje ya picha.

Hilo si jambo la kulilalamikia tu, ni jambo la kulitenda. Mwanachama aendaye kununua kinyago, iwe ni Mwenge jijini Dar es Salaam au kando ya barabara, na amwulize fundi jina lake na alichonge chini ya kazi. Ofisi inayompa mgeni zawadi ya mpingo na iandike katika barua yake ni nani aliyeichonga. Vyama vya ushirika vya wachongaji na viweke daftari la kazi na wenye kazi, kama vile chama cha wakulima kinavyoandika ni nani aliyeleta pamba na ni kilo ngapi. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi wala sheria mpya. Yahitaji tu kuamini kwamba mkono una mwenyewe.

Mafundi wa Deir el-Medina walikaa kitako nyuma ya hekalu wakadai nafaka yao, na kwa kuwa karani mmoja aliandika, sisi leo twawajua kuwa walikuwa watu. Mfalme wao alikuwa na majeshi, na dhahabu, na kuta ndefu zilizojaa sifa zake. Wao walikuwa na mikono tu, lakini bila mikono hiyo kuta hizo zisingalikuwako. Ndugu msomaji, utazame tena mkono wako.